Chambo Anachokificha Dwight Hoch

Benchi la Verna Kopko lilitolewa kwenye kanisa lililovunjwa, na wanaolikalia bado wanakaa kama waumini: kila mtu na sehemu yake, na mgeni akikosea anatazamwa mpaka ahame. Liko nje ya duka la Verna la zana za uvuvi, hapo Ruppsburg, chini kabisa ya tundu linalotoa nje hewa moto ya tanuri. Ndiyo maana hata mwisho wa Novemba, miti ikiwa imebaki mifupa na mto Susquehanna umepungua mpaka miamba inaonyesha migongo, kijiwe hakivunjiki. Jumamosi hiyo, upande wenye joto alikaa Lamar Zerbe, fundi paa mstaafu, wanayemwita Barometa kwa sababu hawezi kutaja samaki bila kutaja mgandamizo wa hewa. Katikati alikaa Elwood Klinger, Nusu Inchi, ambaye kila samaki wake mkubwa alipungukiwa nusu inchi tu avunje rekodi ya kaunti. Mwishoni alikaa Curtis Shade, Shemasi, anayepitisha kikapu cha sadaka kwa Walutheri na anayezungumza kila jambo kama bado kakishika. Verna mwenyewe alisimama mlangoni na birika la kahawa. Wote wanne walikuwa wanautazama mto, na wote wanne walijifanya hawautazami.

Huko chini, karibu na nguzo za daraja la zamani, Dwight Hoch alikuwa peke yake kwenye mashua yake ya bati, na ufito wake wa kuvulia ulikuwa umepinda.

— Amepata tena, akasema Nusu Inchi.

— Amenasa jiwe, akasema Lamar.

— Jiwe halipigi mkia, Barometa.

Lamar akanywa kahawa, ikamuunguza ulimi, akaimeza hivyo hivyo. Hii ilikuwa Jumamosi ya tatu mfululizo. Ruppsburg nzima watu wanawinda besi wa mtoni, samaki mwenye rangi ya shaba, mdomo mdogo na hasira kubwa. Wanamvua, wanampiga picha, wanamrudisha majini, kisha wanagombana juu yake mwaka mzima. Wakati wa joto hata mtoto anampata. Lakini maji yakishaanza kuuma vidole, samaki hao wanapotea kana kwamba mto umehamishwa. Dwight peke yake ndiye hakuwapoteza. Na kiti cha mbele cha mashua ile, kilichokuwa tupu sasa hivi, kilikuwa cha Lamar tangu wakiwa na nywele, mpaka Oktoba hii, Dwight alipoanza kusema anataka kwenda peke yake, anataka kufikiri kidogo.

— Afikiri nini, akasema Lamar kwa sauti, bila mtu kumuuliza.

— Nani?

— Hakuna.

Verna akamwongezea kahawa.

— Mimi nawaambia kila mwaka, akasema. Maji yakiwa hivi, samaki hakimbizi kitu. Anakaa nyuma ya mwamba, pale maji yamelala, anangoja chakula kimpite puani. Chambo kiwe kidogo, kiende polepole. Ninavyo ndani, vya mpira, rangi ya kamba wa mtoni, vina chumvi na harufu.

— Kidogo kwa nini? akauliza Nusu Inchi. Mimi nikiwa na baridi na njaa sitaki punje ya karanga. Nataka sahani.

— Wewe si samaki, Elwood.

— Njaa ni njaa. Dwight anatumia kile kirefu cha plastiki, kinachofanana na samaki mwembamba. Unakivuta mara moja, unakiacha kimening'inia majini. Unahesabu mpaka usahau ulikuwa unahesabu nini. Nimekuwa navyo tangu mwaka wa mafuriko.

— Na umepata nini navyo?

— Juzi nilikuwa na mmoja, nusu inchi tu...

— Yesu na Mariamu, akasema Verna.

Shemasi akakohoa, kwa namna ya kuomba kanisa linyamaze.

— Ni rangi, akasema. Zambarau.

— Zambarau?

— Kesho tunaingia majira ya kumngoja Bwana. Madhabahu inatandikwa zambarau, mimbari zambarau, mpaka Krismasi. Kila msimu umepewa rangi yake.

— Kwa hiyo samaki ni Mlutheri.

— Sijasema ni Mlutheri. Nasema kuna mpango.

— Mwaka jana ulivua na zambarau Desemba nzima, akasema Lamar. Ukapata nini?

— Mafua, akasema Shemasi kwa unyenyekevu.

Treni ya makaa ikapita nyuma ya duka na mazungumzo yakasimama mpaka behewa la mwisho. Huko mtoni Dwight alikuwa ameinama juu ya maji, anamwachia samaki. Kisha akakaa, akajipikicha mikono, akatupa tena palepale, bila haraka yoyote. Lamar aliona roho inamchoma kabisa, chini ya mbavu, kama mtu aliyekula kabichi mbichi. Kama Dwight angekuwa anatupa ovyo angemsamehe.

— Mimi nasema anavipasha moto, akasema Nusu Inchi.

— Nini?

— Vyambo. Anavitumbukiza kwenye chupa yake ya kahawa. Fikiria, samaki yuko kwenye maji ya barafu, halafu kinapita kitu cha uvuguvugu. Hata wewe ungekikumbatia.

— Kinapoa kabla hakijagusa maji, akasema Verna.

— Ndiyo maana anatupa karibu. Umeona akitupa mbali? Hujaona.

Ikabidi wote watazame, na kweli Dwight alikuwa anatupa karibu. Nusu Inchi akajinyoosha kama wakili.

— Kuna wanaosema anavipaka dawa ya kifua ya mkewe, akasema Shemasi.

— Dolores amefariki, Curtis. Wewe ulibeba jeneza.

— Dawa inabaki.

— Kama ni dawa au si dawa mimi sijui, akasema Verna. Ninachojua ni kwamba tangu Septemba hajanunua chambo kwangu. Anaingia, ananunua mshipi, anauliza hali ya goti langu, anatoka. Mtu halii njaa, na nyumbani kwako hali. Sasa anakula kwa nani?

Lilitoka kama utani, lakini hakuna aliyecheka, na Verna mwenyewe akajifuta mikono kwenye aproni ambayo haikuwa na uchafu.

— Mnataka ukweli? akasema Nusu Inchi, akashusha sauti. Hawapati.

— Tumemwona sasa hivi.

— Mmeona samaki. Samaki mmoja. Wiki ya kwanza alituonyesha picha, nikaona kovu hapa, karibu na sikio lake.

— Besi hana sikio.

— Pale ambapo lingekuwa. Wiki ya pili picha nyingine, kovu lilelile. Ni samaki mmoja, jamani. Amemzoesha. Anamlisha soseji ya ini nyuma ya nguzo, samaki anakuja mwenyewe, wanapiga picha, wanaagana.

— Na leo?

— Leo wanakutana.

Hapo hata Shemasi alilazimika kuficha uso ndani ya kikombe. Lamar hakucheka.

— Ana mtu, akasema.

Wakamgeukia.

— Mtu gani?

— Mtu anayempa. Mimi namjua Dwight. Fundo la mshipi nilimfundisha mimi. Kusoma maji nilimfundisha mimi. Akiona mwamba ananiuliza, Lamar, tupige mbele au nyuma. Miaka yote. Mtu wa namna hiyo halali mjinga akaamka bingwa. Kuna mtu anampa vyambo, na huyo mtu ndiye anayejua.

— Na mgandamizo wa hewa? akauliza Verna.

— Mgandamizo uko sawa, akasema Lamar kwa uchungu. Umepanda tangu alfajiri.

Haukupita muda Dwight akaifunga mashua kwenye mteremko, akapanda hadi benchi akiwa na ufito begani. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye masikio mekundu kwa baridi. Nusu Inchi aliutazama ufito kabla ya kumtazama mtu. Mshipi ulikuwa umekatwa. Hapakuwa na kitu mwishoni.

— Shikamoo benchi, akasema Dwight.

— Lete hiyo simu, akasema Nusu Inchi.

Dwight akawaonyesha. Samaki alikuwa mpana kama mlango wa jiko, ametanda kwenye rula ya mashua na kupita inchi ishirini. Nusu Inchi akaikuza picha mahali ambapo sikio lingekuwa. Hakukuwa na kovu. Akarudisha simu.

— Umemtoa na nini? akauliza Verna.

— Kitu kidogo tu. Cheusi-cheusi.

— Cha mpira?

— Hapana.

— Cha chuma?

— Verna, goti linaendeleaje?

— Linaendelea kuwa langu, akasema Verna.

Lamar alikuwa anatazama viatu vyake. Alingoja Dwight aseme, Lamar, kesho twende. Aliyaandaa kabisa maneno ya kukataa, halafu ya kukubali baada ya kubembelezwa. Dwight alimtazama kidogo, akafungua mdomo, akaufunga.

— Haya, akasema mwishowe. Nisalimie shemeji.

Akashuka kwenda kwenye gari lake. Lamar alimfuata kwa macho. Katika miaka yote, Dwight hakuwahi kumsalimia shemeji kupitia kwake namna hiyo, taratibu, na macho pembeni.

— Mmeona alivyokata mshipi? akasema Nusu Inchi. Mtu mwenye moyo safi hakati mshipi.

Walikuwa bado wanaujadili moyo wa Dwight alipotokea mwanamke kutoka njia ya mtoni, ameushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia. Alikuwa Renata Oquendo, fundi wa kupaka rangi madaraja aliyehamia mjini kiangazi, kwenye nyumba ya kupanga karibu na reli. Alikuwa hajawahi kusimama hapo benchini.

— Samahani, akasema. Kuna kitu kimeninasa koti, pale kwenye mti wa mteremkoni. Kilikuwa kinaning'inia kwenye tawi na kipande cha mshipi uliokatwa. Sijui ni cha nani.

Akanyoosha mkono. Kwenye kitambaa cha koti, karibu na kiwiko, ilikuwa imejichoma ndoano ndogo yenye kichwa cha madini ya risasi, na nyuma ya kichwa fungu la manyoya laini ya kahawia iliyoiva, na ndani yake nyuzi chache za rangi ya chungwa. Nusu Inchi alisimama. Shemasi alisimama. Verna akaweka birika chini, akachukua koleo mfukoni mwa aproni kama daktari.

— Usitikisike, mama, akasema.

Akaitoa. Wakaizunguka.

— Ni yake, akasema Nusu Inchi. Ni kile kile. Kidogo, cheusi-cheusi.

— Manyoya ya kulungu, akasema Shemasi.

— Ya kulungu ni magumu. Puliza uone.

Shemasi akapuliza. Manyoya yakalala, kisha yakafunguka yenyewe, polepole, yakasimama.

— Dubu basi.

— Dubu yupi mwenye manyoya ya mtoto mchanga? Ni sungura.

— Sungura wa rangi hiyo?

— Ni nywele za mtu, akasema Shemasi, na sauti ya kikapu cha sadaka ikarudi. Nywele za marehemu.

— Shika adabu, Curtis, akasema Verna.

Renata alikuwa ameinama pamoja nao, anasugua tundu la koti kwa kidole.

— Kizuri sana, akasema. Nani amekitengeneza?

Lilikuwa swali dogo tu la mtu mwenye adabu. Verna akakigeuza, akatafuta alama ya kiwanda, hakuona. Akakitazama chini, juu, akatikisa kichwa. Nusu Inchi, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu asubuhi, akainua kikombe chake akakikuta kitupu. Shemasi akatazama mto. Birika nalo lilikuwa limekwisha.

Lamar hakuwa amesimama. Kutoka pale alipokaa aliweza kuona uzi mwekundu ulioshika manyoya, na jinsi ulivyomaliziwa kwa tone la rangi ya kucha, rangi ya cheri iliyoiva. Katika nyumba yake, kwenye rafu ya bafuni, kulikuwa na kichupa cha rangi hiyo.

— Nipe, akasema. Nitampelekea mwenyewe.

— Unajua ni nani aliyekitengeneza? akauliza Renata.

— Nitampelekea Dwight, akasema Lamar, akaifunga ngumi juu ya kitu kile mpaka ndoano ikamchoma.

Hakwenda kwa Dwight.

Arlene, mkewe, alikuwa jikoni anamenya viazi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mikono ya haraka iliyoshona mashati kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa. Lamar akaweka chambo mezani, katikati ya maganda.

— Huyu ni Otto, akasema.

Arlene akakitazama, akaendelea na kiazi. Otto alikuwa mbwa wao, mbwa wa kuwindia majini, wa rangi ya kahawia, aliyekufa mwezi wa Pili akiwa amelala juu ya viatu vya Lamar.

— Ndiyo, akasema. Ni Otto.

— Nilimzika Otto kwa mikono yangu.

— Ulimzika. Brashi yake hukuizika.

Lamar akavuta kiti, lakini hakukaa.

— Umempa Dwight mbwa wangu, Arlene.

— Wewe ndiye uliyempa.

— Mimi?

— Machi, barafu ilipoondoka. Nilikufungia vyambo vitano, nikavitia kwenye kikopo cha mtindi, nikakuwekea ndani ya gari. Ukavifungua hapo uani, Dwight amesimama. Ukasema vinafanana na kitu kilichotolewa kwenye bomba la bafu. Ukamrushia kikopo kizima, ukamwambia, chukua takataka za shemeji yako. Nilikuwa dirishani.

Lamar alikumbuka kikopo. Alikumbuka hata kicheko chake, kwa sababu alikuwa amekiona kizuri wakati ule. Hakuwa amekumbuka kama kulikuwa na dirisha.

— Akaja lini?

— Oktoba. Maji yalipopoa akavijaribu. Akaja kugonga hodi, kofia mkononi, kama mtu aliyegonga gari la mtu barabarani. Akasema, shemeji, vimebaki viwili, nifanyeje?

— Akanywa kahawa.

— Akanywa kahawa.

— Mara ngapi?

— Lamar, mimi sikumwekea hesabu. Anakuja wewe ukiwa benchini. Anakaa hapo ulipo wewe. Ananiambia samaki alikiokota vipi, kilikuwa kinashuka au kimelala, nami nampunguzia manyoya au namwongezea chungwa. Basi. Dolores alikuwa anamsikiliza, sasa hana wa kumsikiliza.

Lamar alijikuta hajui aanze kuona wivu wa nini. Samaki? Mbwa? Kile kiti? Akashika egemeo la kiti, akakisukuma ndani ya meza, akakivuta tena.

— Na kwa nini asiniambie? Rafiki yangu mimi.

— Nilimkataza.

— Kwa nini?

— Kwa sababu ungevua navyo, halafu ungekwenda kuwaambia watu wa benchi ni mgandamizo wa hewa.

Alisema hivyo bila ukali, akakata kiazi vipande vinne, akavitia sufuriani juu ya nyama na kabichi. Lamar alitafuta la kumjibu. Alilokuwa nalo lilikuwa kweli, kwamba mgandamizo una maana yake, lakini aliliacha.

— Nifungie kimoja, akasema mwishowe.

— Manyoya yaliyobaki yalitosha kimoja tu. Nimekifunga jana.

— Basi hicho.

— Hicho changu.

— Chako cha nini?

— Cha kuvulia. Kesho baada ya kanisa naenda mtoni, jua likiwa limewapasha samaki kidogo. Dwight ananiazima mashua.

Lamar akamtazama mkewe kama mtu anayetazama paa alilolijenga mwenyewe na kukuta dirisha ambalo hakuliweka.

— Wewe hujui kuvua, Arlene.

— Baba yangu alikuwa ananipeleka kwenye nguzo zile wewe bado unaishi Shamokin. Na wewe ulinipeleka mara moja, mwaka tuliooana. Nikatangulia kupata. Ukasema upepo umegeuka, turudi.

— Upepo ulikuwa umegeuka.

— Labda.

Sufuria ikaanza kuchemka. Arlene akapunguza moto.

— Pale kwenye nguzo nanga haishiki, akasema Lamar. Maji yanazunguka. Lazima mtu aishike mashua kwa makasia.

— Basi njoo uishike, akasema Arlene. Utakaa nyuma.

Siku ya pili yake jua lilitoka, dogo na jeupe. Dwight alikuwa mteremkoni, ameishusha mashua tayari. Arlene akapanda akakaa mbele, amevaa kofia ya chungwa ya kuwindia ya Lamar iliyomfunika masikio. Wanaume wawili wakabaki kidogo kwenye changarawe, kila mmoja ameshika upande wake wa mashua.

— Nilitaka kukuambia, akasema Dwight.

— Alikukataza. Amenieleza.

— Alinikataza. Lakini siyo hilo tu, akasema Dwight, akavuta pua, akatazama nguzo. Ilikuwa tamu, Lamar. Nimekaa kwenye mashua na wewe maisha yangu yote nikiuliza, na kila Jumatatu nasikia benchini ulivyopata wewe. Nikataka mara moja tu, wewe ndiye uwe unauliza.

Lamar akaushika ukingo wa mashua vizuri zaidi.

— Niliuliza, akasema. Sikulala.

— Najua, akasema Dwight, na akaona haya, na akafurahi pia, yote usoni. Kisha akaisukuma mashua.

Nyuma ya nguzo ya pili maji yalikuwa meusi na yametulia. Lamar akaishika mashua kwa makasia, vidole vinauma ndani ya glavu. Arlene akatupa karibu, bila mbwembwe. Chambo kikazama. Hakukivuta.

— Vuta, akasema Lamar.

— Sivuti.

— Kitanasa kwenye mawe.

— Kinase. Manyoya yanapumua yenyewe, Lamar. Tulia.

Alitulia. Hakuwahi kutulia mtoni kiasi kile. Yeye daima alikuwa anavuta, anabadili rangi, anahama mwamba. Alitazama mshipi pale unapoingia majini. Haukushtuka. Ulisogea tu pembeni kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kanisani, na Arlene akainua ufito, na ufito ukainama mpaka majini.

Hakupiga kelele. Alimwacha samaki aende chini, akamrudisha, akamwacha tena. Alipopanda, Lamar alimwona ubavu wote, wa shaba na mistari ya giza, na moyo ukamwanguka, kwa sababu alikuwa mkubwa kuliko yeyote aliyewahi kumtoa yeye, na kuliko wa Dwight wa kwenye simu. Na aliona jambo jingine. Ndoano ilikuwa imeshika ngozi tu, pembeni mwa mdomo, na tundu lake lilikuwa linapanuka.

— Wavu, akasema Arlene.

Lamar alikuwa ameachia makasia, na wavu ulikuwa mkononi mwake. Angechelewa kidogo tu, angegusa mshipi kwa ukingo wa wavu kama mtu aliyeteleza na kasia, na hapangekuwa na mtu duniani wa kujua. Angesema pole, mke wangu. Angesema ndivyo mto ulivyo. Alilifikiria lote hilo mpaka mwisho, wazi kabisa, na samaki alikuwa anageuza kichwa.

Akaupitisha wavu chini ya samaki, akainua.

Chambo kikachomoka hapo hapo, kikaanguka ndani ya nyuzi za wavu. Arlene akamgeukia, pua nyekundu chini ya kofia.

— Nilidhani utamwacha aponyoke, akasema.

— Nusura nimwache, akasema Lamar.

Arlene akamtazama sana. Kisha akacheka, kicheko kirefu ambacho Lamar hakuwa amekisikia tangu Otto alipokuwa hai, akaingiza mikono mitupu kwenye maji ya barafu, akamshika samaki kwa tumbo na kumwachia, kabla Lamar hajakumbuka kwamba ana simu mfukoni.

— Hatukumpiga picha.

— Nimemwona, akasema Arlene. Na wewe umemwona.

Akapuliza manyoya mpaka yakafunguka. Lamar bado alikuwa na ule mchomo chini ya mbavu, haukuwa umepungua hata kidogo. Akaukung'uta wavu, akauweka karibu na mguu, akashika makasia na kuirudisha mashua nyuma ya nguzo, pale pale, ili mkewe atupe tena.